Kabla ya kukilaumu kiwanda, uliandika nini kwenye oda?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa maoni, na samahani mapema kama barua itakuwa ndefu, maana hili jambo limenikaa kooni tangu nisome barua ya yule msomaji mwenzangu aliyelalamikia ekstensheni za umeme alizoagiza nje, zile zilizokuwa zinapata moto mpaka plastiki inanuka, akamalizia kwa kusema viwanda vya ng'ambo wote wezi na bidhaa zao zizuiwe. Pole sana ndugu yangu, nakupa pole ya kweli sio ya mdomoni, kupigwa kwenye mzigo nakujua vizuri sana. Ila kuna kitu sikukiona kwenye barua yako na ndicho kinachonisumbua: uliandika nini kwenye oda?

Siulizi kwa kejeli. Mi mwenyewe nilishaulizwa swali hilohilo na dada wa mauzo wa kiwanda kimoja (jina naliacha, na nikikumbuka vizuri hakuwa na makosa mengi kama nilivyodhani siku ile) na sikuwa na jibu. Naagiza mabegi ya mgongoni. Oda ya kwanza ilikuwa ya kujaribu tu, 300, yakaja mazuri, nikasema hapa nimeula. Ya pili 600, mazuri tena ila kitambaa nikakiona kama kimelegea kidogo, nikajiambia labda macho yangu. Ya tatu 1,200. Nikalipa zote, mzigo ukafika, nafungua katoni ya kwanza, zipu inatembea vizuri tu mpaka mwisho unadhani imefunga, kumbe meno hayashikani, begi linafunguka lenyewe nyuma ya kile kichwa cha zipu. Katoni ya pili hivohivo. Mikanda ya mabegani imepitishwa mshono mmoja wa haraka badala ya ule wa kiboksi wenye alama ya X katikati. Bitana ukiweka mkono ndani unauona kwa nje.

Nikapiga picha, nikaandika meseji ndefu yenye hasira, nikatuma. Jibu lilikuja usiku uleule, la heshima kabisa, kwamba rafiki, kwenye oda uliandika begi jeusi, zipu imara, kama sampuli. Begi ni jeusi. Zipu ipo. Sampuli unayosema ni ipi?

Hapo ndo nikaishiwa nguvu. Sampuli ya mwanzo nilikuwa nimeshaiuza. Kweli kabisa, kuna mteja aliipenda nikampa, niliona kuiweka kabatini ni hasara. Na kule kiwandani nao hawakuwa nayo, au walisema hawana, kwangu yote ni sawa maana sikuwa na kitu cha kuweka mezani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, mimi daftari la hela nilikuwa nalo safi, la begi lenyewe sikuwa nalo.

Sasa hilo neno imara. Tunalipenda sana sisi waagizaji, imara, nzuri, ya kudumu, kwoliti ya juu. Fundi wa kiwandani hawezi kupima imara. Anaweza kupima zipu namba 8 au namba 5, hiyo namba inakaribia upana wa meno yakiwa yamefungana kwa milimita, kwahiyo ukisema namba 8 hamna ubishi, mtu anachukua kipimo anapima. Anaweza kupima uzito wa kitambaa kwa gramu kwa mita mraba, na ukimwandikia pia kwamba kinaruhusiwa kupanda au kushuka asilimia 5 basi kikishuka asilimia 15 hana pa kujificha. Anaweza kuhesabu mishono kwenye inchi moja. Anaweza kuning'iniza begi na mzigo wa kilo ulizotaja kwa muda uliotaja akaona kama mkanda unachomoka. Rangi nayo usiseme bluu ya kukoza, bluu ya kukoza ziko mia, taja namba kutoka kwenye kile kitabu cha rangi cha Pantone ambacho viwanda vingi wanacho. Karatasi yangu ya maelezo leo ina kurasa nne kwa begi moja, na picha juu, na mishale. Zamani ilikuwa mstari mmoja wa WhatsApp.

Na wewe wa ekstensheni ni hivohivo. Kama uliandika waya wa kupitisha umeme mwingi, mzuri, basi umepewa waya, na kuna ujanja wa siku nyingi kwenye nyaya, nao ni kuweka alumini ndani halafu juu inapakwa shaba nyembamba, kwa macho ni shaba tupu. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba, sasa waya wa unene uleule unapata moto zaidi kwa mzigo uleule, ndo ile harufu yako. Mtu anayejua angeandika kondakta ya shaba tupu, milimita mraba 1.5, na kiwango cha kimataifa kinaitwa IEC 60228 kinachosema waya laini wa shaba wa saizi hiyo ukinzani wake usizidi omu 13.3 kwa kilomita kwenye nyuzi joto 20. Hicho kinapimika kwa mashine dakika mbili. Sio lazima uwe injinia, mi sio injinia, ni kuuliza tu mtu wa fani yake akuandikie mistari mitatu kabla hujatuma hela.

Kuna watu watasema haya ni mambo ya makampuni makubwa. Basi tuangalie kampuni kubwa. Mwaka 2007 Mattel, wale wa midoli, waliita mamilioni ya midoli irudishwe. Dunia nzima ikapiga kelele kuhusu rangi yenye madini ya risasi (risasi ya madini, sio ya bunduki) na ni kweli sehemu ya ile midoli ilikuwa na rangi hiyo, na hapo viwanda vilikosea, rangi ilitoka kwa mtu ambaye hakuidhinishwa. Lakini kundi kubwa zaidi, kama midoli milioni 18, lilirudishwa kwa sababu ya vijisumaku vidogo vinavyochomoka, mtoto akimeza viwili vitatu vinavutana ndani ya utumbo, ni hatari mbaya sana. Na vile vijisumaku vilikaa vilivyokaa kwa sababu mchoro uliotoka Mattel wenyewe ndivyo ulivyosema. Kiwanda kilitengeneza kama kilivyoambiwa. Septemba mwaka huohuo mkubwa mmoja wa Mattel akapanda ndege mpaka Beijing akaomba radhi, akakiri kwamba sehemu kubwa ya midoli iliyorudishwa kosa lilikuwa la usanifu wa kampuni na sio la kiwanda. Kampuni yenye wanasheria na maabara imekaa mbele ya kamera kusema karatasi yetu ndo ilikuwa na kasoro, sisi tunaoagiza kwa simu tunakataa hata kuiangalia karatasi yetu.

Sisemi viwanda ni malaika, hapana. Ile hadithi yangu ya mabegi, oda ya kwanza nzuri, ya pili imelegea, ya tatu takataka, haikuwa bahati mbaya. Ni mtindo. Oda ya kwanza wanakutafuta, wanakupa roho. Wakishajua umezoea wanaanza kupunguza kidogokidogo mahali ambapo hutaona haraka, gramu chache kwenye kitambaa, uzi mwembamba zaidi, katoni ya tabaka tatu badala ya tano, na kila wakipunguza bila wewe kusema kitu wanachukulia umekubali. Alafu kuna upande wetu ambao hatuupendi kuusikia. Mi kwenye ile oda ya tatu nilibana bei. Nilibana mpaka nikajisifu. Kiwanda hakikugombana na mimi, kilisema hakuna shida rafiki, na ile hakuna shida ilitoka kwenye zipu. Bei ya zipu, kitambaa na mshahara wa fundi kiwanda kinaijua kwa senti, ukiikata bei mpaka chini ya gharama zao na bado wanakubali kwa furaha, shtuka. Jiulize nini kinatolewa humo ndani. Siku hizi nikitaka punguzo nauliza moja kwa moja, tukishusha bei hivi nyie mtabadilisha nini, na mara nyingi wanasema ukweli kabisa, kwamba watabadilisha bitana, au watatumia zipu ya kiwanda kingine, halafu naamua mwenyewe nikijua.

Sampuli. Hapa naomba watu wanisikie. Sampuli ya kwanza inayokuja kwa ndege imeshonwa na fundi bora kuliko wote kwenye chumba cha sampuli, sio na wale watakaoshona mzigo wako kwenye laini. Kwahiyo hiyo ni ahadi tu. Unayoitaka ni ile ya kabla ya uzalishaji, iliyotengenezwa kwa vitambaa na zipu zilezile zitakazotumika kwenye oda. Ukiikubali, zifanywe mbili au tatu zinazofanana, mnaweka saini pande zote, tarehe, zinafungwa kwenye mfuko wenye sili, moja inabaki kiwandani, moja kwako, na ya tatu anapewa mkaguzi unayemtuma wewe. Hiyo hauzi. Hata mteja akilia. Na mkataba useme wazi kwamba karatasi ya maelezo na hiyo sampuli ndo kipimo, na zikipingana ipi inashinda, mana bila kusema hivo utashangaa jinsi wanavyochagua ile inayowafaa.

Nikaja kujua kuhusu ukaguzi kabla ya mzigo kupakiwa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi tunapodanganyana. Mtu anakuambia amekagua, ukimuuliza alikagua ngapi anasema aliangalia angalia. Kuna utaratibu wake. Majedwali yanayotumika dunia nzima yanaitwa ISO 2859-1 (ISO ni shirika la viwango la kimataifa) na asili yake ni jeshi la Marekani, lile toleo la MIL-STD-105 la mwaka 1950, na sababu inaeleweka kirahisi tu, risasi (hii sasa ndo ya bunduki) ukiijaribu imekwisha, huwezi kujaribu zote, kwahiyo lazima uchukue chache na uwe na kanuni ya kuamua kuhusu zilizobaki. Mzigo wangu wa mabegi 1,200, kwa ukaguzi wa kawaida wa daraja la pili, jedwali linasema chukua 80. Kasoro zinagawanywa makundi matatu. Zile za hatari, mfano sindano iliyovunjikia ndani ya mkanda, hiyo hata moja ikipatikana mzigo haupiti. Kubwa, mfano zipu haifungi, kipimo kinachotumika na wengi (wanakiita AQL, yaani kiwango cha ubovu kinachovumilika) ni 2.5, hapo kwa vipande 80 zikipatikana 5 mzigo unapita, zikifika 6 haupiti. Ndogo, mfano uzi unaoning'inia au alama ya chaki, kipimo ni 4.0, zikiwa 7 unapita, zikiwa 8 haupiti.

Sasa mtu akisoma hapo anasema kumbe 5 mbovu kati ya 80 unapita, hiyo si zaidi ya asilimia 6? Ndiyo. Ni kitu ambacho wakaguzi hawakuambii mpaka uulize. Kile kipimo cha 2.5 hakimaanishi hutapata zaidi ya mbovu mbili na nusu kwenye kila mia, ni mchezo wa uwezekano, jedwali limepangwa lisimuonee mwenye kiwanda aliye mzuri. Mzigo wenye ubovu wa asilimia 10 bado unaweza kupenya huo ukaguzi wa 80, kama mara moja kati ya tano au sita. Ukitaka ukali zaidi shusha kipimo, weka 1.5 au 1.0 kwa kitu ambacho mteja akikuta kibovu hatakusamehe, na kiwanda kitapandisha bei kidogo, ni haki yao. Lakini amueni mapema na muandike. Namba hizi zikianza kujadiliwa siku mkaguzi yuko mlangoni ushachelewa.

Na mkaguzi mwenyewe achague katoni. Hili ni dogo ila ndo linaua. Kiwanda kitamwekea katoni kumi safi mbele ya mlango, na chai, karibu bosi hizi hapa. Anatakiwa aende mwenyewe kwenye rundo, avute za chini, za katikati, za nyuma karibu na ukuta. Kanuni ya kienyeji wanayotumia wengi ni kipeo cha pili cha idadi ya katoni, kwahiyo katoni 60 anafungua kama 8, kwangu ndani ya kila moja alikuwa anatoa mabegi 10. Halafu asije wakati kazi iko nusu. Ukaguzi wa mwisho unafanyika mzigo wote ukiwa umeshatengenezwa na angalau asilimia 80 umeshafungwa kwenye katoni, akija mapema atakagua mazuri na mabaya yatatengenezwa akishaondoka. Mi kwa oda kubwa namtuma pia mara moja katikati, kazi ikiwa imeanza, mana kosa la zipu ukiligundua mabegi 150 yameshonwa linarekebishika, ukiligundua 1,200 zimeshafungwa kila mtu anaanza kutafuta namna ya kukushawishi ukubali.

Yote haya hayana maana kama hela imeshaondoka. Utaratibu wa wengi ni asilimia 30 mwanzo na 70 baadaye, na baadaye ndo neno lenyewe. Baadaye lini? Mimi mzigo wa tatu nililipa ile 70 kwa sababu dada wa mauzo alisema meli inaondoka kesho, nikaogopa kuikosa. Meli zipo kila wiki! Siku hizi imeandikwa kwamba 70 inalipwa baada ya ripoti ya ukaguzi kufika kwangu na mimi kuikubali kwa maandishi, na kwamba mzigo ukishindwa kiwanda kinarekebisha kwa gharama zake na ukaguzi wa marudio wanalipa wao. Ukiwa hujalipa kila mtu kiwandani anajua jina lako. Ukishalipa unaulizwa namba ya oda.

Wanaotumia LC ya benki (ile barua ambayo benki inaahidi kumlipa muuzaji akileta nyaraka zilizotajwa) wengi wanajiona wako salama, na wako salama kiasi, ila wasome vizuri. Sheria zinazotumika huko, UCP 600 za tangu 2007, zinasema wazi kwamba benki zinashughulika na nyaraka sio na bidhaa. Invoisi imenyooka, hati ya shehena imenyooka, tarehe zimekaa sawa, benki inalipa hata kama ndani ya kontena kuna mawe. Dawa yake ni kuweka kwenye orodha ya nyaraka zinazotakiwa cheti cha ukaguzi kutoka kwa mkaguzi uliyemtaja wewe. Bila hicho cheti seti ya nyaraka haijakamilika. Ni sentensi moja tu kwenye fomu.

Vyeti vingine naviongelea haraka. ISO 9001 inasema kiwanda kina mfumo wa kusimamia kazi yake, haisemi begi lako ni zuri, na shirika la ISO lenyewe halitoi vyeti, wanatoa makampuni mengine ya ukaguzi. Alama ya CE (ile ya kudai bidhaa inakidhi masharti ya Ulaya) kwa bidhaa nyingi anajiwekea mtengenezaji mwenyewe, kwahiyo kuiona imechapwa kwenye boksi hakujakuambia kitu mpaka uone faili la vipimo nyuma yake. Ripoti ya maabara ukitumiwa angalia namba yake, nenda kwa maabara wenyewe uulize kama wanaitambua, angalia picha ya bidhaa iliyopimwa ni hiyohiyo yako, angalia na tarehe, na kama maabara ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kile kiwango cha umahiri wa maabara. Nimewahi kutumiwa ripoti nzuri kabisa ya kitambaa, jina la kiwanda juu lina fonti tofauti na maneno mengine yote. Nilicheka.

Kitu kingine, ulizia nani hasa anashona. Wengi tunaoongea nao sio kiwanda, ni madalali wenye ofisi nzuri na picha za kiwanda cha mtu mwingine, na sio dhambi kuwa dalali ila useme. Na hata kiwanda cha kweli kikizidiwa kazi kinapeleka oda yako kwa jirani bila kukuambia. Mkataba ukataze, au useme mpaka ruhusa ya maandishi. Ukaguzi wa katikati ndo unaowakamata kwa hili, mkaguzi anafika anakuta mashine zinashona viatu. Na ukiagiza China angalia kalenda, kabla ya sikukuu yao ya mwaka mpya, ile inayoangukia kati ya Januari na Februari, kila mtu anakimbizana kumaliza, na baada ya sikukuu mafundi kibao hawarudi, mashine zinakaliwa na wageni. Oda zangu mbili mbaya kuliko zote ziliangukia hapo.

Safari yenyewe nayo inaharibu vitu vilivyotoka kiwandani vikiwa vizuri. Kontena baharini linapata joto mchana, usiku linapoa, unyevu wa ndani unageuka maji kwenye dari na kudondoka juu ya katoni, wenzetu wanaita mvua ya kontena. Mabegi yakianza kuota ukungu wiki ya pili wala hamna mwizi hapo. Dawa yake ni vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu ndani ya katoni, vile vikubwa vya kuning'iniza kwenye kontena, katoni zisipakiwe zikiwa na unyevu, na mkaguzi awepo siku ya kupakia aangalie kontena lenyewe halina tundu, anaingia ndani, mlango unafungwa, anaangalia kama kuna mwanga unapenya. Na katoni idondoshwe. Kuna jaribio la kawaida, kona moja, kingo tatu, pande zote sita, jumla mara kumi, kwa katoni isiyofika kilo kumi inaachiwa kutoka sentimita 76. Inachekesha kuangalia kwenye video mtu mzima anadondosha katoni mara kumi mbele ya mwenye kiwanda aliyekunja mikono. Ila baada ya hapo wakanibadilishia katoni bila kubishana.

Najua kuna atakayesema mimi naagiza vipande 100, mkaguzi wa siku moja atanila faida yote. Ni kweli, na sina jibu tamu kwa hilo. Kwa oda ndogo ninachofanya naomba simu ya video mzigo ukiwa umefungwa, nachagua mimi katoni kwa namba, ile ya 7 na ile ya 19, wafungue mbele yangu, wavute zipu, waweke begi kwenye mzani, halafu vipande viwili nilivyochagua mimi vije kwa ndege kabla sijalipa ile 70. Haifikii ukaguzi wa kweli lakini umeshamwonyesha mtu kwamba unaangalia. Tofauti yake na kununua mbuzi kwenye gunia ni kwamba angalau gunia umelifungua mdomo.

Oda yangu ya mwisho ilishindwa. Mabegi 80 yaliangaliwa, kasoro kubwa zikawa 9, karibu zote mshono wa mkanda. Zamani ningelia. Safari hii nilituma ripoti tu, na ukurasa wa pili wa maelezo ulioandikwa kiboksi na X, na picha ya sampuli yenye sili. Hawakuuliza sampuli ipi. Walifungua katoni zote, wakashona upya, ukaguzi wa marudio wakalipa wao, mbovu zikawa 2. Nilichelewa siku 11 na wateja wawili walinikasirikia mpaka leo mmoja hapokei simu, hilo nalo ni hasara na sitalificha.

Kwahiyo ndugu yangu wa ekstensheni, kama bado unayo hata moja, ichomoe kwenye umeme kwanza, kata kipande cha waya, kwaruza kwa wembe uone. Ikiwa nyeupe ndani ni alumini. Halafu rudi kwenye zile meseji zako na kiwanda utafute neno shaba. Kama lipo, una kesi, na niko tayari kukusaidia kuandika barua ya madai. Kama halipo tuandikie tena hapahapa gazetini utuambie.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwagizaji wa mabegi